Majina Matatu ya Jibuti

Jina la nchi aghalabu humdhihirisha aliyekuwa na mamlaka ya kulitoa. Historia ya Jibuti, kwenye Ghuba ya Aden, ni ushahidi wa jambo hili.

Mnamo mwaka 1862 Wafaransa walitiliana mkataba na wakuu wa Waafari, wakainunua Obock kwa reale 10,000 za Maria Theresa. Hata hivyo, mwaka 1896 koloni liliitwa Pwani ya Wasomali ya Ufaransa. Waafari, waliotia sahihi mkataba wa kwanza, hawamo katika jina hilo.

Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, ilidai nchi zote zikaliwazo na Wasomali. Katika kura ya maoni ya Machi 1967, asilimia 60 hivi walikubali kubaki chini ya Ufaransa: Waafari wengi waliunga mkono, Wasomali wengi walipinga. Mwaka huohuo jina likawa Eneo la Kifaransa la Waafari na Waisa. Waisa ni ukoo mmojawapo wa Wasomali. Kwa kutajwa ukoo, neno "Wasomali" lilifutwa, na dai la Mogadishu likanyimwa msingi wake.

Tarehe 27 Juni 1977 nchi huru ilitwaa jina la mji wake mkuu: hapana kabila lililotajwa, wala lililoachwa. Lakini mwaka 1991 waasi wa Kiafari walishika silaha wakidai sehemu yao ya madaraka. Jina lisilopendelea upande ni mwanzo wa haki. Si haki yenyewe.