Sura ya Tatu: Kuuliza Bila Kukunja Uso

Tuseme mwanafunzi wa uuguzi amepangiwa mazoezi katika hospitali ya Githongo, Imenti ya Kati, Meru. Mbele yake ameketi nyanya ambaye shinikizo lake la damu halishuki, ingawa vidonge amepewa. Akiulizwa kwa upole, anaeleza: hunywa mizizi ya kuchemsha, na vidonge humeza siku ile tu kichwa kinapomgonga. Maabara haina kipimo cha kufichua hilo. Mwanafunzi akiguna, safari ijayo nyanya atajibu kwamba anameza kila siku, na daktari ataongeza dozi isiyohitajika. Basi kuwa na mawazo wazi si hisani anayofanyiwa mgonjwa. Ni sehemu ya uchunguzi, na anayekosa ustadi huo hutibu ugonjwa wa kubuni.

Lakini je, kuwa na mawazo wazi ni kukubali kila kitu? Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, na Meru ina historia inayostahili kusomwa sambamba na anatomia. Mwaka 1929 wamisheni wa Kiskoti, akiwemo Dkt. Irvine aliyeanzisha hospitali ya Chogoria mwaka 1922, waliwataka waumini waape kuacha ukeketaji. Wengi wakalihama kanisa. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wenyewe wakaupiga ukeketaji marufuku. Wasichana wakajibu kwa kukatana wao kwa wao kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa. Amri ilikuwa imetolewa na wazee wanaume, na wasichana hakuna aliyewauliza.

Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 dhidi ya ukeketaji haina utata. Inamtaja hata mwanafunzi wa udaktari au ukunga aliye chini ya msimamizi: akikeketa, ametenda kosa, na ridhaa ya aliyekeketwa si utetezi. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kusema “ni mila yao” na kuosha mikono.

Mahojiano ya kujiunga na chuo, kwa maoni yangu, hayapimi vizuri ustadi huu wa kuwa na mawazo wazi. Kila kijana hujua jibu linalotakiwa. Tabia huigwa wodini. Sista mkuu akimkemea mama mwenye uchungu wa kuzaa kwa sababu ya kovu lake la ukeketaji, wanafunzi wanaomzunguka wamekwisha kufundishwa somo ambalo mhadhara hautalifuta kwa urahisi.

Mkufunzi mzuri hufanya vinginevyo. Humwomba mama ruhusa, huliangalia kovu bila kulitolea neno, kisha huwaeleza wanafunzi mahali panapoweza kuchanika na namna ya kuzuia damu. Suala la kukeketwa kwa binti zake hulileta baadaye, mama akishapumzika na kunyonyesha, na hulianza kwa kumuuliza yeye anaonaje.