Biwi la Mboji Katika Nyumba ya Mwislamu

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya majabali. Mwenye nyumba wa Mabatini, Igogo au Kirumba akitaka kupanda matuta mawili ya mchicha nyuma ya jiko, mara nyingi hukuta udongo wa shubiri moja tu, kisha jembe hugonga mwamba. Na udongo wenyewe aghalabu ni ule mchanga uliomomonyoka katika mawe ya matale, ambao Wasukuma huuita luseni. Haushiki maji wala rutuba. Lakini katika nyumba hiyo hiyo hutoka kila siku karai zima la maganda ya ndizi na ya viazi vitamu, majani ya chai, majivu na mafagio ya uani, navyo hutupwa mtaroni. Mvua ya kwanza ya vuli huvichukua mpaka Mto Mirongo, na Mirongo huvitia ziwani, vikawa chakula cha magugu maji. Shamba lafa njaa na ziwa lavimbiwa.

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu imetukataza israfu mahali pengi, na katika Sura Bani Israil wabadhirifu wamekemewa vikali. Sisi twazoea kuifahamu israfu kuwa ni ya fedha na ya karamu. Lakini ganda la ndizi nalo ni riziki, ila si ya binadamu, ni ya ardhi. Na Mtume (s.a.w.) amelihesabu tendo la kuondoa kitu chenye kuudhi njiani kuwa ni katika matawi ya imani. Mtu aiondoaye takataka mlangoni pake akaisukuma kwa jirani aliye chini ya mlima hajaondoa kitu, amekihamisha tu.

Wala jambo la kuirudishia ardhi haki yake si geni katika ziwa letu. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe, ambako watu ni wengi na ardhi ni kidogo tena ya mchanga, waandishi wa habari za kilimo walistaajabia tangu miaka ya 1930 namna Wakara walivyolima mashamba yale yale mwaka hata mwaka bila kuyapumzisha. Ng'ombe walifugwa ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa kwa kazi hiyo. Walikatiwa majani na kuletewa, na samadi yote ikakusanyika humo pamoja na mabaki ya majani, kisha ikachukuliwa shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, ambayo baadaye yaliuawa na kufukiwa yawe mbolea. Na huko Andalusia, Ibn Bassal wa Toledo katika karne ya 11, na Ibn al-Awwam wa Seville katika karne ya 12, waliandika vitabu vya kilimo ambavyo ndani yake mbolea ina mlango wake.

Hapa ndipo wengi wetu wanaposita. Mama wa nyumba huuliza: Je, nikiweka biwi uani, nguo zangu za Sala zitasalimika na najisi? Swali hili si dogo, na hafai kuchekwa mwenye kuliuliza. Waislamu wengi wa Mwanza, kama wa pwani, wamo katika madhehebu ya Imam Shafi'i, na kwa madhehebu hayo kinyesi cha mnyama, hata cha ng'ombe, mbuzi au kuku, ni najisi. Tena kwa Mashafi'i hakitahiriki kwa kuoza na kugeuka udongo, ilhali kwa Mahanafi hutahirika. Na Wamaliki na Wahanbali huhesabu kinyesi cha mnyama aliwaye kuwa ni tohara tangu mwanzo. Lakini kitu kuwa najisi si kusema kwamba ni haramu kukitia shambani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Al-Majmu' kwamba kutia samadi ardhini kwajuzu, ijapokuwa ni makuruhu. Kwamba mmea uliogusana nayo huoshwa ukatahirika. Na kwamba nafaka itokayo katika suke, kadhalika matango na mfano wake, ni tohara. Basi mchicha uliorukiwa na matone ya udongo huo uoshwe sawasawa, na mwenye kupindua biwi awe na nguo zake za kazi.

Na zaidi ya hayo, mboji haina lazima ya samadi. Kazi ya samadi ni kuharakisha uozo, na kazi hiyo hufanywa vilevile na majani mabichi: marejea, alizeti pori, magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu. Biwi la maganda, majani na udongo halina najisi yoyote. Mwenye kuku na mbuzi aweza kuwa na mabiwi mawili, moja la samadi pembeni ya banda na moja safi karibu na jiko. Ama kinyesi cha mbwa, cha paka na cha binadamu visitiwe kabisa katika biwi la nyumbani, kwa sababu ya mayai ya minyoo na maradhi mengine.

Pahali pa biwi pawe na kivuli, mbali na kisima na mkondo wa maji ya mvua, wala pasiegemee ukuta wa jirani. Kumbuka kwamba mchana upepo hutoka ziwani kupanda mlimani, na usiku hurudi. Mawe hayakosekani Mwanza: yapange pande tatu, kila upande kama mita moja, uache nafasi za kupitisha hewa. Chini tandaza mabua ya mahindi. Kisha weka tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu, nyasi na maranda ya mbao, na juu yake tabaka la vitu vibichi, vikavu vikiwa mara mbili au tatu ya vibichi kwa wingi. Nyunyiza udongo kidogo na majivu kidogo mno. Makapi ya mpunga yasizidi, maana huoza polepole sana. Na kabla ya kutupa chakula katika biwi, mle kwanza watu, kisha kuku. Biwi ni la mwisho.

Unyevu ndio siri ya kazi yote. Konzi ya mboji ikikamuliwa itoe tone moja au mawili, basi. Funika kwa majani ya mgomba au gunia. Biwi kubwa lililotengenezwa vema hupata joto katika siku chache, hata kufikia nyuzi 60 za sentigredi. Chomeka kijiti katikati, na baada ya dakika chache kichomoe ukishike: kikiwa na moto, kazi yaendelea. Baada ya wiki mbili pindua, ya nje yawe ndani, ukarudie tena. Likinuka kama yai bovu, maji yamezidi na hewa imekosekana. Tia vikavu, upindue. Likiingia sisimizi, limekauka. Mapanki na matumbo ya samaki huita panya na makorongo, na afadhali yafukiwe mbali katika shimo refu.

Magugu maji nayo hufanya mboji njema, lakini kwa sharti. Sehemu yake kubwa ni maji, basi yaanikwe juani mpaka yanyauke. Yasichumwe mdomoni mwa mito ya mjini, kwani huvuta madini yenye sumu, wala watoto wasitumwe kuyaingilia majini, kwa kuwa konokono wa kichocho hukaa katika mizizi yake.

Biwi lianzishwalo mwezi wa Juni huwa tayari kwa vuli ya Oktoba: jeusi, limepoa, lanukia kama udongo wa msituni. Sehemu moja ichanganywe na sehemu mbili za luseni. Na akija jirani kutaka gunia moja, mboji isiyo na samadi huuzwa kama mali nyingine yoyote. Yenye samadi, Mahanafi wameruhusu bei yake, kwa Mashafi'i haisihi, bali mwenyewe hupokea fedha kwa kuondoa mkono wake juu ya kitu hicho na kumwachia mwenziwe, nao watamke hivyo wakati wa kupeana, wala wasiseme "nimekuuzia."