Je, Wajua? Wapenzi wa Simu

Je, wajua kwamba mchoro wa kuwacheka watu waliozama kwenye simu uliwahi kuiokoa klabu ya vijana? Aprili 2014, Banksy, mchoraji wa mitaani anayejitambulisha kwa jina hilo tu, aliacha kazi yake kwenye ubao mlangoni, jijini Bristol, Uingereza. Mwanamume na mwanamke wamekumbatiana gizani, lakini kila mmoja anachungulia simu yake juu ya bega la mwenzake. Nyuso zao zinamulikwa na mwanga wa skrini, na hapo ndipo utamu wa kejeli ulipo: hata huo mwanga wa mapenzi umetoka kwenye simu!

Klabu jirani ya Broad Plain, iliyokuwa hoi kifedha, iliung'oa ubao kwa mtaimbo, ikauweka ndani na kuwaomba watazamaji michango. Ubishi ukazuka: ni wa klabu au wa jiji? Ubao ukapelekwa makumbusho, mpaka Banksy mwenyewe akaiandikia klabu barua ya kuiachia ubao huo. Mwaka huohuo ukauzwa kwa pauni 403,000.