Shamba Moja, Mavuno Matatu

Mkulima wa mpunga hutumia maji mengi kuliko wakulima wengine. Maji huingia shambani, hukaa miezi kadhaa, kisha hutoka. Na mara nyingi faida yake ni moja tu, yaani mpunga. Je, maji hayo hayawezi kufanya kazi nyingine? Wako watu waliolijibu swali hili tangu zamani, na yafaa wakulima wetu wajue jibu lao.

Nchi yao

Watu hao ni Wadong na Wamiao, makabila mawili ya kusini-magharibi mwa Uchina. Wengi wao hukaa katika jimbo la Guizhou, ambako tangu mwaka 1956 wana mkoa wenye majina yao wenyewe. Wilaya moja ya mkoa huo ni Congjiang, na tarafa mojawapo ya Congjiang ni Gaozeng, ambayo watu wake wengi ni Wadong.

Nchi hiyo ni ya milima. Wadong hupenda kujenga mabondeni karibu na mito, na Wamiao wengi hukaa juu zaidi. Kijiji cha Wadong hujulikana kwa mnara wa ngoma, jengo refu la mbao lililounganishwa bila misumari, ambamo watu hukutana kwa mashauri na nyimbo. Ardhi ya kulima ni haba, kwa hiyo milima imekatwa ngazi ngazi ili maji yasimame. Ardhi ikiwa haba, mtu hujifunza kutopoteza hata kipande.

Kazi inavyofanywa

Mwezi wa Mei au Juni miche ya mpunga hupandwa. Baadaye vifaranga vya samaki hutiwa majini. Samaki wakishakua kiasi cha kutomezwa na bata, ndipo bata wadogo huingizwa. Utaratibu huu haubadilishwi: bata wakiingia mapema watakula samaki na kuing'oa miche. Tena mpunga ukianza kutoa masuke, bata huondolewa wasile punje.

Kila mmoja shambani ana kazi yake. Samaki hula magugu machanga na wadudu waangukao majini, na wakitafuta chakula huyatibua matope. Bata hula konokono, wadudu na magugu. Mavi ya wote wawili ni mbolea. Mpunga nao huwapa kivuli jua linapokuwa kali.

Karibu na mwezi wa Oktoba maji hupunguzwa na samaki hukamatwa. Mpunga wao wa asili, ambao wali wake hunata, hukatwa suke moja moja kwa kisu kidogo, hufungwa vitita, na kuanikwa juu ya vichanja virefu vya mbao. Samaki wengine hutiwa chumvi, pilipili na wali, wakafungiwa katika mapipa ya mbao, na huweza kukaa hata miaka bila kuharibika.

Hatari iliyowafikia

Mpunga huo wa asili una bua refu. Husimama katika maji ya kina, na huvumilia baridi na kivuli cha mlima. Kuanzia miaka ya 1970 mbegu chotara zilienea Uchina. Zilizaa zaidi, lakini bua lake ni fupi, nazo zilihitaji mbolea na dawa za kununua. Dawa iuayo wadudu huweza kuua samaki pia. Tena vijana wengi wamekwenda kutafuta kazi viwandani, hasa katika jimbo la Guangdong, na wazee wameachiwa ngazi za mlimani. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa liliuandika ukulima huu wa Congjiang katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia, ili usipotee.

Si urithi wa kutazamwa tu. Katika wilaya nyingine ya Uchina iitwayo Qingtian, ambako mpunga hulimwa pamoja na samaki, wataalamu walipima na kutangaza matokeo mwaka 2011. Mavuno ya mpunga yalikuwa sawa na ya mashamba yasiyo na samaki, lakini dawa iliyotumika ilipungua kwa asilimia 68 na mbolea kwa asilimia 24.

Na sisi je?

Mwaka 2020 konokono wageni, watagao mayai ya rangi ya waridi juu ya mabua, waligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Hula miche michanga na kumtia mkulima hasara. Katika nchi nyingi za Asia bata huingizwa shambani kuwala wangali wadogo. Basi mafunzo ya Wadong yanatuhusu.

Lakini mambo haya hayana budi kuangaliwa:

1. Shamba lililotiwa dawa ya konokono au ya wadudu lisiingizwe bata wala samaki. Amua habari ya dawa kwanza, ndipo ununue vifaranga.

2. Bata wangoje mpaka miche ishike mizizi vizuri, nao watoke kabla ya masuke.

3. Mahali ambapo maji hufunguliwa kwa zamu, chimba handaki upande mmoja wa shamba, samaki wapate pa kukimbilia maji yakipungua. Pasipokuwa na maji ya hakika, anza na bata peke yao.

4. Kubalianeni na majirani. Maji yatokayo katika shamba lenye dawa huingia katika shamba la chini.

Mwulize Bwana Shamba na ofisa wa samaki wa kwenu kabla ya kuanza. Jaribu kipande kidogo kwa msimu mmoja, na uandike daftarini gharama ya dawa, idadi ya bata na magunia uliyovuna. Msimu ukiisha, linganisha kipande hicho na shamba lako lingine, ndipo uamue.