Damu katika Choo cha Mzee

Katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, kama vile vya Ukerewe na Sengerema, ambako watu huvua, huteka, hufua na huoga katika maji yale yale tangu utoto hata uzee, mzee aendaye zahanati kushtaki kwamba anatoa damu katika haja kubwa aghalabu hupimwa choo, na mara nyingi huonekana humo yai la kichocho, lenye mwiba uliochomoza ubavuni, dhahiri machoni pa mpimaji aliyeinamia hadubini; basi hupewa vidonge vya prazikwanteli, akarejea kwake akiwa na yakini kwamba sababu ya damu ile imekwisha julikana. Hapo ndipo penye hatari.

Maradhi yale ni ya kweli. Minyoo wa kichocho cha matumbo, ambao wachanga wao hutoka ndani ya konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu, hukaa miaka katika mishipa ya damu iliyouzunguka utumbo, dume amemkumbatia jike, na mayai ya jike mengine hutoka na choo, mengine hunasa katika nyama za utumbo na katika ini, yakafanya vidonda na uvimbe. Lakini kwa kuwa mayai hayo wanayo wakazi wengi wa huko, wagonjwa kwa wazima, kuonekana kwake hakuthibitishi kwamba ndiyo yaliyoleta damu.

Je, kichocho chenyewe huzaa saratani? Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilikata shauri kwamba kichocho cha mkojo, kijulikanacho sana Unguja, Pemba na Mrima, huleta saratani ya kibofu. Kile cha Uchina na Ufilipino huenda kikaleta saratani. Ama hiki cha matumbo cha kwetu, ushahidi haukutosha kukihukumu.

Saratani ya utumbo mpana, ambayo hatari yake huzidi mtu apitapo miaka 50, haimngojei mnyoo. Huanza aghalabu kwa kinundu kidogo kisichouma, ambacho huweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka, na muda wote huo chaweza kukatwa kwa chombo chenye kamera kipitishwacho njia ya haja kubwa. Hali kadhalika mzee aliyepauka viganja na kuishiwa pumzi huambiwa ana safura, ilhali pengine ni saratani ya upande wa kulia wa utumbo, ivujayo damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho.

Mzee na apewe dawa ya kichocho, ni haki yake. Lakini siku ile ile aulizwe kama amekonda, na kama choo chake kimebadilika, na tabibu avae glavu ampime kwa kidole, ijapokuwa wazee wetu huona haya, maana saratani nyingi zilizo karibu na njia ya haja hufikika kwa kidole. Na damu ikiendelea baada ya dawa, asiongezewe vidonge vya pili na vya tatu, bali aandikiwe rufaa ya kwenda hospitali yenye kamera hiyo.