Mchele ni wa Pilau, si wa Kibodi

Swali ni lilelile, kinachobadilika ni kisiwa tu. Leo limetoka Shela, kesho litatoka Faza: "Fundi, kibodi yangu imerukiwa na maji ya bahari tukivuka kwa boti kutoka Mokowe. Nimeizika kwenye mchele usiku kucha. Niiwashe sasa?"

Usiiwashe. Na huo mchele uchekeche vizuri kabla hujaupika.

Nazungumzia kibodi bapa za kimekanika zisizo na waya, ambazo kila kitufe kina swichi yake yenye vibati vidogo vya kugusana. Ni nzuri: nyembamba, zinaingia kwenye mkoba, mguso wake ni mwepesi. Lakini hazikuundwa kwa ajili ya boti.

Mchele haufyonzi maji yaliyojificha ndani ya swichi. Mchele uliokaa kwenye gunia wazi hapa Lamu wenyewe umeshavuta unyevu wa hewa. Mwaka 2024 Apple iliwaambia wateja wake wazi wasitie simu kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu. Hiyo ni simu, iliyozibwa. Kibodi ina mianya chini ya kila kitufe, na vumbi la mchele likikutana na maji huwa gundi.

Haya, tuseme mchele umenyonya kila tone. Chumvi je? Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mchele hauondoi hata chembe. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na magnesi kloridi iliyomo baharini huanza kwenye asilimia 33 hivi. Litazame kopo lako la chumvi jikoni msimu wa mvua. Kibodi uliyodhani imekauka hulowa upya usiku, bila kuguswa na tone.

Na betri bado imo. Kibodi ya waya ukiichomoa, umeme umekatika. Hii yako inaendelea kupitisha umeme kwenye chumvi mbichi, na shaba inaliwa humo humo ndani ya gunia. Nikifungua nakuta kutu ya kijani miguuni mwa swichi, njia za bodi zimekatika, na punje mbili za mchele chini ya kitufe cha nafasi. "Mbona ya shemeji ilipona?" Ya shemeji ilimwagikiwa maji ya kunywa!

Cha kufanya ni hiki, na ukifanye siku hiyohiyo. Zima, usichaji, fungua, chomoa betri. Suuza bodi kwa maji ya mvua au ya chupa, si ya kisima chenye chumvi. Kisha spiriti ya isopropili na brashi laini, halafu feni siku mbili, si jua kali. Swichi zinazochomoka badilisha zilizooza, ila uliza aina kabla ya kuagiza Mombasa: swichi za Kailh Choc haziingii kwenye tundu za swichi za Gateron. Safarini, mfuko usiopitisha maji. Nyumbani, ifunike usiku.

Betri ikivimba, usiichaji wala usiitoboe. Iweke nje, mbali na makuti, kisha nipigie.