Paa na swala karibu na makazi

Paa na swala karibu na makazi ni wanyamapori wadogo na wa wastani wa familia Bovidae wanaoishi au kupita kandokando ya nyumba, mashamba na vijiji bila kufugwa. Katika Afrika ya Mashariki wanaoonekana zaidi ni digidigi, nsya na pongo. Mahali pengine pia swala pala, tohe na mbuzi mawe. Huweza kuwazoea watu wa nyumba moja kwa miaka mingi na kuleta watoto wao pale pale, ilimradi hawakimbizwi. Kuzoea huko si kufugwa, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi kati yao na watu wanaowapenda.

Jina

Wasomaji wa vitabu vya Ulaya na Marekani hukutana mara nyingi na wanyama wa familia Cervidae, ambao kwa Kiswahili wameitwa kulungu, paa au, katika Biblia, ayala. Hao hawapo kiasili kusini kwa Sahara. Wa asili pekee barani Afrika wako katika misitu ya Aljeria na Tunisia. Dume la Cervidae huwa na pembe zenye matawi ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Pembe za swala hazina matawi wala hazianguki, ikivunjika, imevunjika. Hata hivyo makundi hayo mawili yanafanana kwa mengi: yote hucheua, hula majani na hutegemea kukimbia au kujificha, na majike huwaficha watoto wao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu Cervidae wanaoingia bustanini Ulaya na Amerika ya Kaskazini inawahusu swala pia.

Katika Mkoa wa Mara

Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama ziko kati ya Ziwa Viktoria na nyika za Serengeti. Upande wa kusini ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, unakaribia Ghuba ya Speke, na lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma. Wanyama wanaotoka hifadhini hawajui mpaka. Lakini majirani wa kudumu wa watu si nyumbu wanaohama bali ni wale wadogo waliobaki katika vichaka, vilima vya mawe na kingo za mito.

Makazi yenyewe huwafaa zaidi ya inavyodhaniwa. Ua wa minyaa au mkonge, kichaka kilichoachwa kati ya mashamba mawili, miti ya mikuyu inayoangusha matunda, majabali yenye mapango madogo: vyote huwapa digidigi na nsya maficho ya mchana na chakula cha jioni. Kichaka kikifyekwa hadi mzizi wanaondoka, hata kama hakuna aliyewagusa.

Wanaoonekana

Digidigi ndiye mdogo kuliko wote, mwenye uzito wa kilo chache tu na pua ndefu inayochezacheza. Huishi dume na jike pamoja kwa maisha yao yote katika eneo dogo la hekta chache. Hulitia alama kwa marundo ya kinyesi yanayorudiwa kila siku na kwa utomvu mweusi wa tezi iliyo mbele ya jicho, ambao huupaka kwenye ncha za nyasi na vijiti. Hupata sehemu kubwa ya maji yake katika majani, kwa hiyo kuwawekea ndoo ya maji si lazima. Kwa sababu hahami, digidigi anayeonekana karibu na nyumba leo ni yule yule wa mwezi uliopita, na mtu mwenye subira huweza kumtambua kwa sikio lililochanika au kwa pembe ya dume iliyopinda.

Nsya huishi peke yake zaidi na hutoka usiku. Hula majani, maua na matunda yaliyoanguka. Akishtuka hupiga mbizi kichakani akiwa ameinama, kisha husimama mbali kidogo na kutazama nyuma.

Pongo, ambaye pia huitwa mbawala, ni mkubwa zaidi. Dume huweza kupita kilo 60 na ana pembe zilizosokotwa zenye ncha kali. Ana mistari na madoa meupe yanayomficha vizuri kwenye kivuli cha majani. Hubweka kwa sauti inayofanana na ya mbwa, na wengi wanaoisikia usiku hawajui kwamba ni swala. Hupenda maharagwe, kunde na matembele, na hapo urafiki na mwenye shamba hujaribiwa.

Mtoto aliyefichwa

Kosa linalofanywa zaidi, na kwa nia njema, ni kumchukua mtoto anayekutwa amelala peke yake majanini. Mtu humwona mdogo, hana mama, hatikisiki, hakimbii. Huhitimisha kwamba ameachwa na kumbeba nyumbani. Kwa kawaida hakuachwa. Majike ya digidigi, nsya, pongo na swala pala huwaficha watoto wao kwa majuma ya kwanza, na pongo huendelea kwa miezi kadhaa. Mama hula mbali ili harufu yake isimwongoze chui, fisi au mbweha hadi kwa mtoto, kisha huja mara chache kwa siku kumnyonyesha. Jike la pongo hula hata kinyesi cha mtoto wake ili harufu isibaki. Mtoto naye hana harufu kubwa, na silaha yake ni kulala kimya. Kutokukimbia kwake si ugonjwa wala si kumkubali mtu.

Kinachotakiwa ni kuondoka pale pale, kuwafunga mbwa, na kutokurudi kumtazama kila saa, maana njia iliyokanyagwa na watu ni njia ambayo mbwa na fisi wataifuata. Iwapo mtoto tayari ameokotwa na muda haujapita sana, arudishwe mahali alipotolewa. Imani kwamba mama humkataa mtoto aliyeguswa na binadamu haina msingi: jike litakaa karibu likitafuta, na mara nyingi litampokea. Mtoto aliyejeruhiwa, au aliyekutwa kando ya mzoga wa mama yake, ni habari nyingine na huhitaji afisa wanyamapori.

Wanaobaki mikononi mwa watu wengi hufa kwa kuhara au nimonia katika siku za mwanzo. Wanaopona huleta tatizo la baadaye. Dume aliyelelewa kwa chupa hukua bila kuwaogopa watu, na akikomaa huwaona watu kama madume wenzake. Hapo hupigana nao. Pongo mwenye pembe za nchi kadhaa huweza kumtoboa mtu tumbo au paja, na watoto waliocheza naye alipokuwa mdogo ndio wanaomkaribia bila hofu.

Lulu wa Ngong

Mfano unaojulikana zaidi wa swala aliyeishi na watu Afrika ya Mashariki ni Lulu, jike la pongo katika shamba la kahawa la Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong, karibu na Nairobi. Mwandishi huyo kutoka Denmark aliishi Kenya kuanzia mwaka 1914 hadi 1931, na alimsimulia Lulu katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1937. Watoto walikuwa wamemshika mtoto wa pongo kando ya barabara wakitaka kumwuza. Blixen alipita bila kumnunua, kisha usiku akakosa amani na kuwatuma watu kumtafuta. Lulu alinyonyeshwa kwa chupa, akatembea ndani ya nyumba, na hata mbwa wakubwa wa kuwindia walimheshimu.

Jambo la maana zaidi katika kisa hicho ni kilichofuata. Lulu alipokomaa aliondoka. Alirudi baadaye akiwa na mtoto, akawa anakuja karibu na nyumba kwa hiari yake, lakini hakukubali tena kuguswa, na mtoto wake hakuzoea watu kama yeye. Mwenye nyumba hakumfunga wala hakumkamata upya. Pongo wakawa wanaonekana kando ya nyumba kama majirani. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho katika mtaa wa Karen, Nairobi. Ikumbukwe pia kwamba Lulu alikuwa jike. Kisa kingeweza kwenda vingine kama angekuwa dume. Na biashara ya barabarani iliyomleta, ya kukamata watoto wa wanyama ili kuwauzia wenye huruma, haipungui mtu akinunua mmoja.

Chakula

Kuwalisha ni njia ya haraka ya kuwavuta na pia ya kuwadhuru. Tumbo la mnyama anayecheua hutegemea vijidudu vilivyozoea majani. Mahindi, pumba, mkate au ugali kwa wingi huchacha ghafla, asidi hupanda, na mnyama huweza kufa akiwa ameshiba. Chakula kinachorundikwa mahali pamoja pia huwakusanya wanyama wasiozoea kukaa pamoja, huwaambukiza minyoo, na huwafundisha wanyama wa porini kwamba mbuzi na mabanda yako jirani.

Huko Nara, Japani, ambako mamia ya Cervidae hutembea kati ya wageni na kulishwa biskuti maalumu, watu huumwa na kusukumwa, na mwaka 2019 baadhi ya wanyama walikutwa wamekufa na plastiki nyingi tumboni. Mifuko yenye harufu ya chakula huliwa vilevile na swala, kama inavyoliwa na ng'ombe na mbuzi.

Mti wa matunda unaoachwa uangushe matunda yake ni karamu isiyo na hatari hizo. Kwa shamba la kunde, ua mnene wa minyaa au miti yenye miiba hufaa kuliko mbwa.

Mbwa, nyaya na magonjwa

Mbwa wanaozurura huua watoto wa paa wengi bila mwenyewe kujua. Tanzi la waya lililotegwa kwa ajili ya kitoweo halichagui: humkamata jike mwenye mimba, ndama wa jirani na mbwa wa nyumbani pia. Mahali penye nyaya hakuna digidigi anayezoea mtu, maana waliobaki wamejifunza kukimbia.

Swala huleta kupe, na pongo huweza kubeba vimelea vya malale bila kuonyesha ugonjwa. Mwaka 1958 watafiti walipata vimelea vya malale ya binadamu katika pongo huko Nyanza, Kenya, upande wa pili wa mpaka kutoka Mara. Hiyo si sababu ya kuwaua pongo, kwa kuwa ng'ombe hubeba vimelea hivyo hivyo. Ni sababu ya kudhibiti mbung'o na kupima homa isiyoeleweka. Swala anayekutwa amekufa bila jeraha asiguswe, asichunwe na asiliwe: huenda ni kimeta. Mnyama wa porini aliyepoteza woga ghafla, anayetoa mate au kuyumba, huweza kuwa na kichaa cha mbwa.

Sheria

Tanzania Bara wanyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda, kukamata na kumiliki wanyamapori au sehemu za miili yao bila kibali. Kwa hiyo mtoto wa swala aliyewekwa bandani kwa huruma ni kosa kama aliyewekwa kwa biashara. Taarifa hupelekwa kwa afisa wanyamapori wa wilaya au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Katika kijiji, ofisi ya mtendaji huweza kuifikisha. Kumtazama digidigi anayekula chini ya mkuyu nyuma ya nyumba hakuhitaji kibali.